Nilivyokata umeme wa sumaku ya utafiti kwa mazoea ya Kizuka

Wakuu, amahoro. Haya yamenikuta mwenyewe, na sehemu ya aibu sitairuka.

Mimi ni mtu wa Kizuka, Rumonge. Ufundi wa umeme nilijifunzia kwenye mtambo wa kukamua mawese wa shangazi yangu, Mama Zuhura. Umeme wetu mnaujua. Taa ikicheza tu, unakata swichi kubwa kabla moteri haijaungua. Hufikirii, mkono unakwenda wenyewe.

Baadaye nikapata stage, mafunzo ya kazini, kwenye maabara moja Ulaya. Wanatafiti nishati ya kuunganisha atomi, kama inavyotokea ndani ya jua. Joto lake hakuna chombo cha kulihimili, kwa hiyo linazuiwa na sumaku lisiguse kuta. Kazi yetu ilikuwa kuzilisha hizo sumaku umeme.

Koili, yaani waya uliozungushwa wa sumaku, inapozwa kwa heliamu ya baridi kali mpaka umeme unazunguka bila kupotea. Unaupandisha polepole, unaushusha polepole. Ukikata ghafla, nguvu yote iliyomo inatafuta pa kutokea. Nilifundishwa hayo, na mtihani nikafaulu.

Siku hiyo niko peke yangu chumba cha swichi, koili imejaa. Taa ya dari ikacheza.

Nikakata.

Cheche, mlio mkubwa, heliamu ikafumka nje kama mvuke wa sufuria. Nikairudisha swichi haraka, kama haijaguswa.

Wenzangu walikuja mbio, wakasema koili imeleta hitilafu yenyewe, hutokea. Mkuu wa kazi akaamua ifumuliwe yote. Kazi ya miezi mingi!

Nikanyamaza, wakuu. Walikuwa karibu kuamua kama wataniajiri, na niliogopa sana.

Jioni nikampigia shangazi. Alianza kwa kucheka.

"Ni weye ulikata? Basi enda useme ni weye. Hapa uliniunguzia moteri mbili, nilikufukuza?"

Kesho yake nikasema. Mkuu akasimamisha kazi ya kufumua. Wakapima, kumbe kilichoungua ni swichi tu.

Ajira sikupewa. Iliniuma, sitadanganya.

Sasa niko Rumonge, natengeneza moteri. Juzi mwenzangu wa kule kanitumia picha: koili ile ile imefungwa ndani ya mashine, nzima, inafanya kazi. Nilikaa chini nikalia.

Nilichojifunza: ukikosea, sema kabla watu hawajabomoa kitu kizima wakitafuta kosa lako.

Nyie je, mkono umewahi kuwatangulia kazini? Semeni, msinicheke peke yangu.