Mlango Usiofunguka

Tangu asubuhi binti wa seremala alikuwa kama aliyekalia siafu. Goti lilimchezacheza, kalamu ameitafuna ncha. Fomu ya chuo ilikuwa na visanduku viwili, kubuni michezo ya kompyuta au kuiandikia programu, na mwisho wa kuipeleka ni saa kumi. Kila alipogusa kimoja kwa kalamu, mkono uliruka kama umegusa jiko.

"Baba, hebu nichezee huu," akasema, akimpa simu yenye mchezo alioutengeneza mwenyewe. Seremala alijifuta vumbi la mbao, akausukuma kwa kidole mlango wa kwenye kioo. Haukufunguka. Akasukuma mara tatu.

"Baba nawe! Sukuma kushoto."

"Kushoto umechora bawaba, mama. Mlango gani unafungukia kwenye bawaba?"

Binti alifungua kinywa acheke, kikabaki wazi. Programu haikuwa na kosa. Mchoro ndio uliomdanganya baba yake. Akaichukua simu, akazihamishia bawaba kulia, na goti likatulia. Seremala akasukuma, akapita.

Alipoinua macho, kisanduku cha kubuni kilishatiwa alama, na goti la binti lilikuwa linacheza tena.

"Usiondoke, baba. Imebaki milango kumi na miwili."