Unga wa Ngozi za Ndege

Miaka ile Wajerumani walipokuwa wakileta reli Morogoro, Mwanaheri aliuza kambale wakavu karibu na kambi ya wajenzi. Watu waliwaamini samaki wake; walikolea chumvi na moshi. Lakini masika yale kuni zililowa, moshi ukawa hafifu, na samaki wakaingiwa na funza.

Kaka yake, Stambuli, alimchunia ndege Mzungu mmoja aliyewakusanya kutoka milima ya Uluguru ili apeleke ngozi zao Ulaya. Kila ngozi aliipaka unga mweupe, na mdudu hakuigusa.

"Usiuguse huo," alimwonya dada yake. "Mimi nikimaliza kazi nanawa mpaka viwiko."

Mwanaheri alisikia vizuri. Hata hivyo, kaka alipotoka, aliuchota akawanyunyizia samaki. Alijiambia kwamba hata chumvi ni dawa ya kuzuia kuoza, na watu wanaila.

Siku hiyo ya mvua alikuja mteja mmoja tu: Regina, mke wa mkulima wa mboga mlimani, aliyetaka kitoweo cha Ijumaa ya Kwaresima.

Kesho yake habari zikashuka. Nyumba nzima ya akina Regina ilitapika usiku kucha, na baba mkwe wake, mzee Petro, alikuwa hoi. Mwanaheri alilifukia kapu lote la samaki. Kisimani wanawake walisema Regina amewapikia wakwe mihogo michungu. Mwanaheri akateka maji yake, akaondoka.

Siku chache baadaye Regina alipita na furushi kichwani, amerudishwa kwao.

"Wanasema sijui kuchagua mihogo, dada. Labda ni kweli."

Mwanaheri alishindwa kumtazama. Alilitua furushi lile, akajitwika mwenyewe. "Turudi," alisema.

Huko juu walimkuta Scholastika, mama mkwe wa Regina, uani. Mwanaheri akasema:

"Shikamoo, mama. Mihogo haina kosa. Niliwatia samaki dawa ya kuhifadhia ngozi za ndege."

"Ulijua ni sumu?"

"Niliambiwa nisiiguse."

Scholastika akalipokea furushi. "Nami nimemfukuza mtoto wa watu," alisema, akamshika Regina mkono wakaingia ndani. Mwanaheri alibaki uani peke yake.

Mzee Petro alipona, ila miguu ilikufa ganzi muda mrefu. Mwanaheri aliacha samaki, akawa anapanda mlimani kumlimia matuta yake ya mboga. Adhuhuri Scholastika humletea maji, naye huyanywa ameinamisha macho.