Mama haoni tena, lakini movie za Naija amezirudia

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Hii imetokea kwetu sebuleni, sijasimuliwa na mtu.

Mimi nimezunguka sana. Mombasa, Kampala, Juba. Nikikaa mahali kidogo, miguu inawasha. Mwaka huu nimerudi nyumbani, mtaa wa Kimumu, kwa sababu sukari imemmaliza Mama macho.

Zamani alipenda movie za Naija kupita kiasi. Wafalme, waganga, mama mkwe mkali. Majirani walijaa sebuleni mpaka chai inaisha. Siku hizi nazikumbuka sana hizo jioni.

Macho yalipoenda, akakataa TV isiwashwe. Alikaa tu. Chakula anaonja, anaacha. Niliogopa, wakuu. Nilimwona anaondoka polepole mbele yangu.

Nikaamua kumsimulia mwenyewe. Nikaweka movie mpya ya Lagos, picha safi kabisa. Shida ni kwamba watu wa movie mpya hawaongei, wanaangaliana tu.

"Ameingia," nikasema. "Anamwangalia. Sasa ametoka."

"Nani ametoka?"

"Yule wa kwanza."

Mama akasema, "Wewe hata kusimulia unarukaruka, vile umeishi."

Kesho yake nikaenda mtaa wa Huruma, hapa hapa Eldoret, kutafuta zile movie ambazo DJ anaongea Kiswahili juu yake mwanzo hadi mwisho. Kusema ukweli sijawahi kuzipenda. Jamaa anatangaza hata kitu unachokiona na macho yako. Mwenye duka akanijazia flash, za Naija na Ghana.

Jioni nikaweka. DJ akaanza: "Chifu Kiprono huyo anashuka kwa gari, kofia nyekundu, tumbo mbele. Bibi wa pili amejificha nyuma ya pazia."

Chifu wa Nigeria anaitwa Kiprono, jina la huku kwetu, wakuu.

Mama akainua kichwa. "Huyo bibi ana sumu."

Punde DJ akaitangaza sumu yenyewe. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaitisha chai na mkate.

Nikamsogelea nimweleze kwamba chifu ameanguka.

"Nyamaza," akasema. "Tunaangalia."

Nilitoka nje kidogo, nikapumua.

Nilichojifunza: kitu unachokiita kelele, kuna mtu kinamwonyesha dunia. Kama mko na mzazi asiyeona, jaribuni hizi.

Na mnisaidie na majina ya nyingine, hata za Bongo, bora DJ awe anaongea. Za wafalme zinakaribia kuisha, na mimi hapa ndani siruhusiwi kusimulia.