Kigodoro cha Pamba ya Nyanya

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Tarasaa amembeba kitukuu changu, na mtoto analia kilio cha kuchoka. Shingo yote vipele. Kanguo alikovishwa kalikuwa kazuri kwa macho, lakini nilipokashika kaliteleza kama karatasi ya nailoni. Na joto la Garsen unalijua, ndugu yangu. Hata mtu mzima hutafuta pa kujificha.

"Nesi amesema nimvishe pamba, babu," mjukuu akaniambia. "Tena nimeona kwenye simu, kuna ile iliyolimwa bila dawa. Bei yake utadhani wanakupa na ng'ombe juu!"

Nilicheka. Pamba hiyo mimi nililelewa juu yake.

Nyanya yangu alilima Idsowe, kwenye tope jeusi ambalo mafuriko yaliacha kando ya mto. Shamba kubwa lilikuwa la pamba ya kuuza, nalo lilipuliziwa dawa kama mashamba ya wenzake. Lakini pembeni, upande ambao upepo haukupeleka dawa, alikuwa na mistari michache katikati ya kunde. Aliiita pamba ya watoto. Huko bomba la dawa halikuingia kamwe. "Mtoto hulamba kila kitu," alisema, "na maji yanayotoka hapa wanayanywa watu wa huko chini ya mto."

Dawa yake ilikuwa sisi wajukuu. Asubuhi, umande ukitulowesha magoti, tulipita mche kwa mche tukitoa viwavi kwenye vitumba na kuvitia koponi. Kuku walitujua, wakisikia kopo linalia tu, mbio. Nyuki walijaa kwenye yale maua ya manjano mpaka mistari ikavuma, na vyura walituruka miguuni. Shamba kubwa, hatua chache tu kutoka pale, lilikuwa kimya. Nilizoea kimya kile nisijiulize.

Baada ya kuvuna tulichambua. Nyanya hakuharakishwa na mtu. "Wee, hivyo ni vidole au makasia?" alinitania nikirarua nyuzi. Kila shungi la pamba lililokwisha kutolewa mbegu alilibandika kwenye kope la jicho alilolifumba. Likimchoma, analirudisha kwako. "Likiuma jicho langu, litauma kichwa cha mtoto." Kisha akashona kigodoro kwa leso kuukuu, laini kwa kufuliwa. Hakuna mtoto aliyezaliwa karibu yetu akakosa chake. Pamba ilinywa jasho la usiku kucha, na asubuhi kigodoro kilianikwa juani kikanukia jua lenyewe.

Alipoishiwa nguvu alinikabidhi kibuyu cha mbegu. "Panda kila mwaka, hata mstari mmoja." Nilipanda, kwa muda. Kisha nikapata kazi ya duka huku Garsen, na kibuyu kikabaki kuning'inia juu ya jiko. Mwaka mmoja wa ukame jirani yetu mfugaji, ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa na hana maziwa, alikiona.

"Mzee, hii wewe unafanyia nini? Kwangu ni chakula cha ng'ombe."

Nilimmiminia zote. Ndama alipona, na maziwa ya mama yake hata sisi tuliyanywa, kwa hiyo kutoa sikujutii. Ninachojutia ni kwamba sikubakiza hata konzi moja. Nilidhani pamba iko dukani.

Basi jana nilifungua sanduku nikatoa kigodoro changu cha utotoni. Nilifumua pindo, nikamwambia mjukuu anisaidie kutafuta mbegu. Ya umri ule haioti, najua, lakini nilitaka kuitia udongoni nione.

"Babu, hapa hamna kitu," alisema tulipofika mwisho.

Tulirudia shungi kwa shungi. Hamna. Nilichukua moja nikalibandika kwenye kope. Halikuchoma. Nyanya hakuacha hata mbegu moja imguse mtoto wake, na mtoto huyo nilikuwa mimi.

Tulikianika, mjukuu akakishona upya kwa leso yake. Mtoto amelala juu yake sasa ninapoandika, kifua wazi, shingo imeanza kutulia. Mjukuu ananiambia dada yake naye ni mjamzito, na ameshauliza kama babu ana kigodoro kingine.