Mlio wa Kinu Katika Somo la Kutulia

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Nyumbani wananijua, shuleni wananijua, na kuta za mbao za darasa langu zimenivumilia miaka mingi. Kwa hiyo nilipotumwa kwenye mafunzo ya kufundisha watoto kutulia, wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkufunzi aliliita somo hilo kwa Kifaransa, pleine conscience: unakaa, unafumba macho, unasikiliza pumzi yako, na moyo uliovurugika unapata pa kupumzikia. Akasema watoto wetu wamebeba mengi. Hilo halikuhitaji mkufunzi. Nafundisha darasa la sita hapa mtaa wa Vulamba, na mara kwa mara naletewa mtoto mwingine aliyekimbia vita upande wa Beni, amevaa sweta la kuazima.

Siku ya kwanza niliwaambia wafumbe macho, wanyamaze, wasikilize pumzi. Kwetu mtoto akiambiwa afumbe macho mbele ya mkubwa, anajua kazi ni moja tu. Wakatoliki wakafanya ishara ya msalaba. Waprotestanti wakainamisha vichwa, na mmoja wao akaanza kuwaombea wagonjwa na wasafiri kwa sauti ya mchungaji. Nikavuta pumzi ndefu ili waige. Wakadhani sala imekwisha, wakajibu Amina, wakafungua madaftari.

Lakini walielewa, tena upesi kuliko mimi. Baada ya muda kimya chao kikawa cha kweli. Watoto wanaogombania hata kipande cha chaki walikaa wametulia, mabega yameshuka, na mimi mbele yao niliogopa hata kukohoa. Sikujua kwamba darasa langu lina uzuri wa namna ile.

Ila msichana mmoja hakuweza. Alikuwa ametoka kijiji cha karibu na Beni, akawa anaishi kwa mama yake mdogo anayeuza chumvi na sabuni kule mtaa wa Kimemi. Akili alikuwa nayo, na hesabu alizipenda. Ila kila tuliponyamaza, aliinuka na kutoka mbio, akavuka uwanja mpaka barabarani, na akirudishwa hakuweza tena kushika kalamu siku hiyo. Mama yake mdogo akaja kuniona. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema amechoka kuambiwa mtoto ameonekana katikati ya pikipiki. Akikimbia mara nyingine tena, atampeleka kijijini Luofu kwa bibi yake, akasaidie shambani, na shule iishie hapo.

Kesho yake nililitangazia darasa kwamba somo la kutulia limekwisha. Afadhali kukosa utulivu kuliko kumpoteza mtoto, niliwaza. Watoto wakanung'unika. Nyuma ya ukuta mama jirani alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mlo wa mchana, na kwa mara ya mia nilikuwa naulaani mlio wa kinu chake. Ndipo msichana yule akasimama.

"Madame, tusiache," alisema. "Ni kimya njo miye hapana penda. Kwetu, siku ile ya vita, kila kitu ilinyamaza kwanza. Hata bamama baliacha kutwanga. Kama kinu inalia, kuko batu."

Akaketi. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na nawashukuru kwa hilo mpaka leo.

Basi nikahamisha somo. Tukawa tunatulia saa ile mama jirani anapotwanga, na badala ya pumzi tukasikiliza kinu. Aliyetaka kufumba macho alifumba, asiyetaka aliyaacha wazi. Yeye aliyaacha wazi, ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, lakini hakutoka. Nilianza kuzoea kumwona pale.

Halafu siku moja, katikati ya somo, kinu kikanyamaza. Labda mama jirani aliitwa langoni, sijui. Kimya kikatuangukia wote. Msichana akainuka, mguu mmoja tayari uko nje ya benchi. Nikaona barabara, nikaona Luofu. Nikafungua kinywa, na mimi ninayesemwa kwa kuongea sana sikupata hata neno moja.

Kwenye benchi la nyuma mtu akapiga meza kwa ngumi: du! Akapiga tena. Jirani yake akadakia, kisha benchi la mbele yao, wakipokezana kama akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Punde darasa zima likawa linatwanga, macho yamefumbwa, bila hata mmoja kucheka, na vumbi likipanda kutoka kwenye mbao. Sikuwa nimewafundisha hilo. Nisingeweza kulibuni hata ningepelekwa kwenye mafunzo yote ya nchi hii.

Mwalimu mkuu alitokea mlangoni, uso umekunjamana, kuuliza fujo hii ni ya nini. Nikaweka kidole mdomoni, mimi, kisha nikamwonyesha msichana.

Alikuwa ameketi. Ngumi yake ilikuwa inatwanga pamoja na zile nyingine, na macho ameyafumba.