Elia Haongezi na Karata za Katikati

Siku za gulio pale Msowero, mume wangu Elia akishamaliza kuuza mpunga wake alikaa nyuma ya kibanda changu cha chai na kutoa karata. Mchezo wa poka aliutoa Mikumi, alikowahi kufanya kazi ya jikoni kwenye hoteli ya watalii. Yeye na wenzake walichezea vizibo vya soda, maana sisi ni watu wa kanisa na kamari ni kamari hata ukiibatiza. Mimi nilichemsha chai huku nikiwachungulia, na ndivyo nilivyoujua mchezo wenyewe.

Aliyemsumbua Elia pale mezani alikuwa mmoja tu, Parmet, mfugaji wa huko bondeni aliyekuja kuuza mbuzi. Wengine walikuwa wa kuliwa. Elia alikuwa na tabia ya kuwafundisha watu huku anawala.

"Karata mbovu unatupa, nzuri unaongeza dau, hizo hazina shida," aliwaambia. "Zinazomaliza watu ni za katikati. Ukiwa nazo, jiulize: nikiongeza, nani atanifuata? Kama wapo wenye mbovu kuliko zako watakaofuata, ongeza. Kama hao watakimbia, abaki mwenye nzuri peke yake, basi umemwita aje akule. Gonga meza zamu ipite, tulia."

Ndiyo maana Elia akiongeza dau, Parmet alitupa karata zake bila kubisha. "Huyu haongezi na za katikati," alisema, na wote wakacheka.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema, nyasi za bondeni zikaisha, na ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wetu ukiwa umeanza kukomaa. Haikuwa mara ya kwanza. Ng'ombe wakikamatwa walifungiwa kwenye zizi la kijiji, mwenyewe akaja na mzee mmoja au wawili, watu wakagombezana, fidia ikakubaliwa, ng'ombe wakaondoka. Tulishazoea kiasi kwamba nikisikia wamekamatwa niliinjika sufuria kubwa.

Safari ile vijana wetu waliwapiga wachungaji mpaka mmoja akabebwa. Ng'ombe walikuwa wengi, na hakuja mwenyewe wala mzee. Asubuhi ya pili tukasikia wafugaji wanakusanyika ng'ambo ya mto.

Wanaume wakakutana penye zizi. Elia akasimama akasema ng'ombe waachiwe wapelekwe kwa mtendaji, na kesi iende polisi Kilosa.

"Mwenye ng'ombe aliye mnyonge hatakuja hapa, atakimbilia ofisini," alisema. "Atakayekuja hapa ni yule anayejua anatuweza. Sasa tunamshikilia nani?"

"Elia, wamekupa paja la mbuzi?" mtu mmoja akauliza.

Wakacheka. Nakichukia kicheko kile mpaka leo. Kisha ikapigwa pembe ya mwano, jeshi la jadi la sisi wakulima, na pembe ile ikilia kila mwanamume hutoka. Asiyetoka hana jirani tena.

Nilimkuta nyumbani anafunga kamba za viatu.

"Twende wote Kilosa," nikamwambia. "Wewe umeshasema, hawakusikia. Yamekwisha."

"Nikiondoka leo, Mama Neema, siku nikirudi atanisalimia nani?" Hakuniangalia. "Tangulieni na mama. Nitawafuata."

Niliudhika naye. Niliondoka nimeudhika, na sikumuaga vizuri.

Tulikuwa tumefika kwenye mahindi, mimi, mama mkwe na binti yangu Neema, tuliposikia miguu. Mingi.

Mama mkwe akamlaza Neema chini, akamlalia.

Moshi ukapanda upande wa zizi.

Mtu akaita jina la mkewe, mara moja tu. Halikuwa langu, na nilishukuru.

Kisha ng'ombe wakapita karibu yetu wakikimbia, hawana mtu.

Elia tulimkuta kesho yake, polisi walipokuwa wameshafika. Alikuwa kwenye mpunga na fimbo yake. Kulikuwa na wengine wa kwetu, na wa kwao pia, wamelala hapo hapo, na mpunga ambao tulikuwa tukiupigania ulikuwa umekanyagwa wote. Tulizika. Mama mkwe alikataa kuondoka. Mimi nikamchukua Neema tukaja Mikumi, na hapa barabarani ndipo ninapouza chakula.

Parmet alikuja kuketi kwenye benchi langu mwaka huu, amezeeka. Nilimtambua kabla hajasalimia. Nikamuuliza kama siku ile alikuwepo.

"Nilikuwepo, shemeji. Mdogo wangu alibaki kule."

Akaendelea mwenyewe.

"Wazee wetu walitaka twende polisi. Wakaniita mimi, kwa kuwa nawajua watu wa kwenu. Nikauliza, Elia yupo? Wakasema yupo, na ng'ombe hawajaachiwa. Nikawaambia, kama Elia yupo na hawajawaachia, basi wana bunduki. Yule haongezi bure. Tukaita watu kila boma, tukaja wote."

"Akiongeza ulikuwa unatupa," nikasema. "Kila mara. Siku ile kwa nini hukutupa?"

"Karata zinatupwa, shemeji. Ng'ombe hawatupwi."

Nikamwambia hatukuwa na bunduki. Tulikuwa na mapanga na fimbo, na Elia ndiye aliyesimama kuomba ng'ombe waachiwe wakamcheka. Nililisema polepole, nikitaka limuume, na lilimuuma. Alijifunika uso kwa shuka yake mchana kweupe, watu wanakula.

Sikumfariji. Nami sikumfukuza, kwa sababu hakunidanganya, na kwa sababu naye ana mtu anayemlilia kama mimi. Lakini tangu siku hiyo najua kitu ambacho nilikuwa na nafuu kabla sijakijua. Mume wangu alikuwa mtu mwangalifu, na wote walilijua hilo, hata waliokuja kumuua.