Masikio ya Kuegeshea Miwani

Huyu fundi watu walimwita Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko alivyompenda mkewe. Maneno hayo si yangu, ni ya mkewe mwenyewe, na alikuwa akiyasema huku anacheka. Cheko lenyewe la namna gani, mnalijua.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza sinthesaiza za vipande. Asiyezijua asione haya, maana hata majirani zake walikaa miaka wakidhani anatengeneza majokofu. Ni kabati la mbao lenye vipande vilivyopangwa safu kwa safu, kila kipande na kazi yake: hiki kinatoa sauti, kile kinaipunguza makali, kingine kinaipandisha na kuishusha kama mtu anayepumua. Havifanyi kitu mpaka uviunganishe kwa nyaya fupi za rangi rangi, kisha uipeleke sauti kwenye spika. Hamisha waya mmoja tu, kabati litaimba jambo jingine kabisa. Wapiga muziki wanaovipenda vitu hivyo ni wachache, lakini wakishavipenda hawaambiliki.

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma, kinachotazama uani. Meza mbili, feni inayotikisa kichwa, na harufu ya risasi iliyoyeyuka ambayo haikutoka nguoni hata ufue vipi. Meza moja ilikuwa ya Sikio. Ya pili ilikuwa ya mdogo wake wa kike, aliyeachika akarudi kwa kaka yake na begi moja, akafundishwa kuchomelea vipuri kwenye bodi. Kwa kuwa hakuwa msemaji, wote walimwita Kimya.

Chini ya meza ya Sikio palikuwa na ndoo ya bati. Bodi ikitoka kwa Kimya, kaka mtu aliiunganisha na spika, akafumba macho, akasikiliza. Ikimridhisha alisema neno moja tu: "Safi." Isipomridhisha alichukua kalamu nene nyekundu, akaiandika KIZIWI kwa herufi kubwa, akaitupa ndooni kwa nguvu ili Kimya aisikie ikigonga bati. Angeweza kuiweka taratibu. Hakutaka.

Na wageni wakiwepo ndipo ulimi ulipomwasha zaidi. "Huyu mdogo wangu," angewaambia, huku akimwonyesha kwa kidevu, "Mungu alimpa masikio ya kuvalia hereni tu." Wateja walicheka, kwa sababu mteja hucheka anachokicheka fundi. Kimya aliinamisha kichwa na kuendelea na pasi yake ya kuchomelea. Hereni zenyewe alikuwa amepewa na marehemu mama yao, na Sikio alilijua hilo fika.

Tusimwonee lakini. Sikio lake lilikuwa sikio kweli. Enzi za ujana wake, alipokuwa fundi redio, aliweza kukuambia kipuri gani kimechoka kwa kukisikiliza kinavyolalamika. Kabati lake la kwanza alilitengeneza kwa ajili ya mpiga kinanda mmoja wa bendi, na ndiye aliyembandika jina. Tangu hapo kila kipande kilichotoka pale kilibeba picha ndogo ya sikio, iliyochorwa na mkewe kwa rangi ya buluu.

Biashara yenyewe ilikuwa mateso matupu. Vipuri vilikwama forodhani hadi mtu anasahau alivitaka vya nini, na vikitoka, nusu yake feki: chipu ina jina lake limeandikwa vizuri juu, ndani ni takataka. Wateja nao walikuwa na vituko vyao. Mmoja alirudisha kabati akidai ni bovu kwa sababu kila akihamisha waya linabadilisha wimbo. Ukapita msimu mbaya, hakuna aliyebisha hodi, na Sikio akaiuza mashine yake ya kuonyesha mawimbi ya umeme, ile yenye kioo kidogo cha kijani ambayo fundi yeyote wa kazi hii huitegemea. Mkewe alipomuuliza atapimaje kazi, alijigonga sikioni kwa kidole. "Mashine inayaona mawimbi, mke wangu. Mimi nayasikia."

Hapo ndipo pa kumhurumia, kama una huruma ya kuchezea. Maana mwaka huohuo alianza kujisifu kwamba mtaa wao hauna mbu tena. Alikaa uani jioni, mikono imevimba kwa kuumwa, huku akiwasifu watu wa afya kwa kazi nzuri. Mkewe alikuwa akiwasikia mbu hao waziwazi, wakizunguka kichwa cha mumewe. Siku moja alithubutu kumwambia, "Baba watoto, nenda wakakupime masikio." Sikio hakusema naye tena mpaka wiki ikaisha. Mama wa watu akaona yaishe, hakulirudia.

Kisha bahati ikaja, au kitu kilichofanana na bahati. Mwalimu mkuu wa shule moja ya muziki, mama mwenye sauti ya kuamrisha, alifika karakana na kuagiza kabati kubwa kwa ajili ya ukumbi wa shule. Alisema kazi ikipendeza, atawaambia walimu wakuu wenzake nao waje kuagiza. Asichokisema kilieleweka pia. Sikio alimweleza mkewe wazi: kabati hili likikataliwa, karakana inafungwa, anarudi kwenye redio, na redio zenyewe nani anazileta siku hizi?

Kwa kabati kubwa hivyo, pawa saplai ya zamani isingetosha, ile inayogawa umeme kwa vipande vyote. Sikio akanunua ya aina mpya, ndogo, nyepesi, yenye nguvu maradufu. Wakaifunga, wakawasha. Kimya akaweka pasi chini.

"Kaka, kuna mlio."

"Mlio gani?"

"Mwembamba, wa juu sana. Unaingia mpaka kwenye meno."

Sikio alifumba macho, akasikiliza. Akasogeza kichwa spikani, akasikiliza tena. Hapakuwa na kitu. Alisikia kabati limetulia tuli kama chumba cha mgonjwa, na moyoni alifurahi, maana hajawahi kupata ukimya safi namna ile. Hakujua kwamba pawa saplai za aina ile, zikifungwa bila kapasita, vipuri vidogo vya kuzituliza, hupiga filimbi ambayo mtu mwenye masikio mazima hawezi kukaa nayo chumba kimoja.

Kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwepo yule mpiga kinanda wa zamani, rika lake, aliyepita kusalimia. Sikio akamwita. "Njoo, kaka, usikie mwenyewe. Unasikia mlio wowote?" Mzee wa watu, aliyekaa maisha yake yote mbele ya maspika ya bendi, akatega sikio na kutikisa kichwa. Wakatazamana, wakacheka mpaka Sikio akavua miwani kufuta machozi.

"Nilikwambia mimi. Ya kuvalia hereni tu."

"Kaka, usiipeleke hivyo shuleni," Kimya alisema. "Weka kapasita. Ni kazi ya dakika chache. Hata kama hunisadiki, weka tu."

Lingekuwa jambo dogo. Lakini kuziweka kungekuwa kukubali, tena mbele ya mgeni, na Sikio hana dogo. Alimfungua mdogo wake aproni kwa mikono yake mwenyewe, kamba ya shingoni kisha ya kiunoni, kama mtu anayemvua mtoto. Akaitupia ndooni, juu ya bodi mbovu. "Kaa nyumbani mpaka hicho kimlio chako kiishe kichwani. Ukija kuniomba radhi, njoo wageni wakiwepo."

Kimya alipita katikati yao, akatoka.

Siku ya kulionyesha kabati ukumbi ulijaa. Watoto wa shule walikaa mbele sakafuni, walimu na wazazi nyuma yao kwenye viti. Mke wa Sikio alikuja, na akaja na wifi yake, wakaketi safu ya mwisho. Sikio alivaa koti. Alihutubia kidogo, akajisifu kidogo zaidi ya hapo, akawasha.

Watoto wote wakaziba masikio kwa mkupuo mmoja.

Sikio alidhani ni utundu. Alitabasamu, akaunganisha waya wa kwanza, wa pili, sauti nene ikaanza kuunguruma, na bado wale watoto wamejiziba, wengine wamekunja uso, mmoja analia. Walimu vijana nao wakaanza kujishika. Mwalimu mkuu akaja mbele kwa haraka. "Fundi, hiki kinachopiga filimbi ni nini?"

"Hakuna filimbi, mwalimu. Labda umeme wenu."

"Umeme wetu haujawahi kupiga filimbi."

Sikio akatazama nyuso, akaona kwamba ukumbi mzima unasikia kitu ambacho yeye hakisikii, na kwa mara ya kwanza lile neno la mkewe lilimrudia. Angeweza kulisema palepale. Badala yake aliinua mkono akaelekeza safu ya mwisho. "Kama kuna kasoro, muulizeni yule pale. Ndiye aliyechomelea. Nilimfukuza, naona kanihujumu."

Kimya akasimama. Alitembea mpaka mbele bila haraka, watu wakimpisha, na hereni za mama yake zikining'inia.

"Kaka anasema hakuna kitu," alimwambia mwalimu mkuu, "na kaka ndiye mwenye sikio. Basi tumpime kwa kazi yake mwenyewe." Akagusa kipande kimoja chenye picha ya buluu. "Hiki mimi sikukigusa. Amekitengeneza mwanzo mpaka mwisho. Sivyo, kaka?"

"Ndivyo," Sikio alisema. Angesemaje?

Kimya akaanza kuzungusha kidude cha sauti. Ilianza chini, nzito, ikapanda. "Unasikia?" Anasikia. Ikapanda tena, ikawa filimbi. Anasikia. Ikazidi kupanda, na hapo Sikio akaona sauti inafifia kama mtu anayeondoka kwa miguu, halafu ikaisha. Lakini kidude bado kinazunguka, na miaka yote ya kazi ilimfundisha sauti inapaswa kuwa wapi kidude kikifika hapo. Akafumba macho kama alivyozoea, akainua kidole kuonyesha kwamba bado anasikia.

Na Kimya, kwa mkono wake wa kushoto, akachomoa waya wa spika.

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Watoto wakashusha mikono masikioni. Sikio akafumbua macho, akawaona wametulia, na uso wake ukachangamka, maskini ya Mungu, akaamini ameshinda. "Hiyo hapo," akasema, huku kidole kikifuata kidude. "Inapanda. Nyembamba kama sindano. Mnaona? Hata watoto wameshaizoea. Safi."

Mke wake alijifunika uso kwa kanga. Kimya angeweza kuurudisha waya kimyakimya, akamwambia kaka yake baadaye wakiwa wawili uani. Alikuwa amelifikiria jambo hilo nyumbani siku zote zile, na jibu lake lilikuwa moja. Aliuinua waya juu, mpaka safu ya mwisho wakauona.

"Kaka, huu ndio waya wa spika."

Aliyeanza kucheka ni mtoto, kisha wote.

Kabati halikukataliwa. Kimya aliweka kapasita siku iliyofuata, mlio ukakatika, na mwalimu mkuu akawaambia wenzake kama alivyoahidi, ila aliwatajia jina la Kimya. Maagizo yakaja. Karakana ikapanuliwa mpaka uani, mashine ya mawimbi ikanunuliwa nyingine, na juu ya kila kipande ile picha ya sikio bado inachorwa, kwa kuwa wateja wameizoea. Sikio hakufukuzwa. Amepewa kona karibu na mlango ambako anapiga msasa mbao za makabati, kazi isiyohitaji masikio. Mkewe alimwombea abaki huko, akijua nyumbani angekufa kwa kukaa.

Na wageni wanapokuja, Kimya, ambaye siku hizi anasema vizuri tu, huwaonyesha kazi zote kisha humwelekeza yule wa mlangoni kwa kidevu. "Huyo kaka yangu. Mungu alimpa masikio ya kuegeshea miwani." Wateja hucheka. Sikio naye hucheka, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

Juzi walikuja wanamuziki kutoka mbali, wakaomba kumwona fundi aliyebuni vipande vile. Kimya akamwita. "Kaka, hebu njoo usikilize hii." Akaja, akijipangusa mikono. Sasa ana mazoea mapya: kabla ya kusikiliza hutazama waya wa spika kama umeingia. Lakini safari hii Kimya alikuwa amesimama kati yake na waya huo, na alikuwa amesimama hapo kusudi.

Kidude kikazunguka. Wageni wakamtazama kwa heshima, wakisubiri. Sikio hakufumba macho. Alimtazama mdogo wake usoni, muda mrefu, akimtafuta yule aliyerudi na begi moja.

"Safi," akasema.

Kimya hakumwambia kama amepatia au amekosea. Alimshukuru, akamrudisha kwenye mbao zake, akawageukia wageni.